Kabla Hujaukata Mpira wa Zamani wa Draisuti

Draisuti ni vazi la kuzamia lisiloingiza maji, na maji huzuiwa na mpira unaobana mkononi na shingoni. Mpira huo ukiwa wa lateksi hufa mapema kuliko suti yenyewe, nao hukatwa na kubandikwa mpya. Jua, ozoni na mafuta ya kujipaka huumaliza polepole. Uvute kidogo: ukiona nyufa nyembamba, au ukinata vidoleni, umekwisha hata kama haujachanika. Anayezamia Silfra, ufa wenye maji huko Iceland, ambako maji hukaa nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi mwaka mzima, heri aligundue hilo akiwa nyumbani. (Wa Pemba hawana shida hii; bahari yao haidai draisuti.)

Kwanza jua mpira wako ni wa nini. Lateksi juu ya suti ya kitambaa hushikwa vizuri na gundi ya poliyurethani, kama Aquaseal. Neoprini, yaani mpira mnene wenye vipovu ndani, hutaka gundi yake ya neoprini. Silikoni haishiki gundi hizo. Hufungwa kwa pete maalumu, na kama suti yako haina pete hizo, usinunue mpira wa silikoni.

Pima mzingo wa mwisho wa mkono wa suti na wa upande mpana wa mpira mpya. Visipolingana utapata mkunjo, na kila mkunjo ni mfereji wa maji. Kwa sababu hiyohiyo tafuta kitu cha mviringo cha kuvalishia: chupa au kopo kwa mkono, ndoo ya plastiki au mpira wa kuchezea kwa shingo. Kitu hicho kienee ndani ya mkono au shingo ya suti mpaka kitambaa kitulie bila mikunjo, ila kisikivute kupita kiasi. Fanya jaribio zima bila gundi, chora mstari sentimita 2.5 kutoka ukingoni, na upige picha kuonyesha kama mpira wa zamani ulibandikwa ndani au nje. Ukishaukata hutakumbuka.

Tyubu ya gramu 28 hutosha shingo moja au mikono miwili. Usitegemee iliyofunguliwa zamani. Unyevu wa hewa huigandisha. Andaa pia msasa namba 120, spiriti, tepu ya karatasi, rababendi, chumba chenye hewa na saa 24 za kukaushia. Kazi hii haifanywi jioni ya kuamkia safari.

Gundi ya zamani ya poliyurethani iliyoshika imara isugue tu. Ile ya aina nyingine itoe yote. Joto la mashine ya kukaushia nywele husaidia, ila likizidi hubandua tepu za mishono ndani ya suti, nawe utakuwa umejiongezea kazi. Baada ya msasa na spiriti, usiguse tena kwa vidole. Bandika tepu ya karatasi kando ya mstari uliochora, paka gundi tabaka jembamba pande zote mbili, kandamiza ukitoa mapovu, funga kwa rababendi, na ung'oe tepu ya karatasi kabla gundi haijaganda.

Mpira mpya wa shingo utabana. Uvalishe sufuria usiku kucha kabla ya kufikiria mkasi, kisha upunguze ukingo wake kwa kukata pete nyembamba moja moja kwa mkato mrefu, maana kijino kidogo ukingoni ndipo mpasuko unapoanzia. Lakini usiuvumilie ukikaba: mishipa ya shingo ikibanwa, mzamiaji hupata kizunguzungu na huweza kuzimia. Mwishowe ziba mikono na shingo, funga vali ya kutolea hewa, jaza suti hewa na upake maji ya sabuni kwenye maungio yote. Penye povu, rudia gundi.