Neno refu la baiolojia: lipasue, usilikariri

Mtoto wa shule za kawaida hapa Dar husoma sayansi kwa Kiswahili hadi darasa la saba. Kidato cha kwanza anakutana na maneno marefu ya Kigiriki na Kilatini, na wengi huishia kukariri. Yapasueni kama mnavyopasua "msomaji": m-, -som-, -aji.

Hatua ya 1. Anza mkiani. "-itisi" ni kuvimba kwa kiungo. "Hepar" ni ini, kwa hiyo hepataitisi ni kuvimba kwa ini. "Derma" ni ngozi. Dermataitisi mtaimaliza wenyewe.

Hatua ya 2. Rudi mwanzoni. "Leuko" ni nyeupe, "erithro" nyekundu, "saiti" seli.

Hatua ya 3. Linganisha na kitu chenyewe. Hapa msiwe na haraka. Nendeni soko la samaki la Feri asubuhi, mwombeni muuzaji amgeuze pweza. Mikono minane imeota kichwani, ikazunguka mdomo. Kile kifuko tunachokiita kichwa ndicho kiwiliwili, matumbo yamo humo. Ndiyo maana anaitwa sefalopoda: "kefale" kichwa, "podo" mguu. Konokono mweke juu ya kioo, mtazame kwa chini, anavyotambaa kwa tumbo. Gastropoda.

Usanisinuru nalo ni hivyo hivyo: usanisi, yaani kuunda, na nuru. Napenda sana neno hilo, maana linajieleza lenyewe.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. "Homo" ya Homo sapiens ndiyo ile ya homozaigasi, yaani kiumbe mwenye jeni mbili zinazofanana?

Marahaba. Hapana, hapo wengi hujikwaa. Ya kwanza ni Kilatini, maana yake mtu. Ya pili ni Kigiriki, maana yake "vinavyofanana".

Na malaria, mwalimu?

Kiitaliano: hewa mbaya. Watu waliamini ugonjwa unaletwa na hewa ya mabwawa. Mwaka 1897, Ronald Ross akiwa India aliwakuta vimelea ndani ya mbu, lakini jina likabaki lile lile. Kwa hiyo mzizi hukuonesha aliyetunga jina aliwaza nini. Ukweli wa ugonjwa utautafuta kwenye somo lenyewe.

Mimi ni mzazi, baiolojia sikusoma. Nimsaidieje binti yangu?

Mama, mnunulie daftari dogo, kila ukurasa mzizi mmoja. Jioni mkichambua mchele, mshike ngozi ya mkono umwulize: hii Wagiriki waliiitaje? Akijibu "derma", mwambie akutajie maneno mawili yenye mzizi huo.