Somo: Kusoma ramani kongwe za Uhabeshi kama hati za historia

Somo hili linamlenga msomaji anayetaka kuzitumia ramani kongwe za Afrika Kaskazini-Mashariki kama ushahidi, si kama pambo la ukutani. Mfano wetu ni ramani ya dola ya Prester John, mfalme Mkristo wa hadithi ambaye Wazungu walidhani ndiye mtawala wa Uhabeshi, iliyotolewa mwaka 1573 na mchora ramani Abraham Ortelius wa Antwerp. Maktaba kubwa kadhaa zimeweka nakala zake mtandaoni. Tafadhali fungueni moja na muikuze hadi majina madogo yasomeke.

Hatua ya 1: Tenganisha mwaka wa kuchapwa na umri wa habari

Ortelius hakufika Afrika. Majina mengi ya bara aliyoyaandika yanatokana na Francisco Álvares, kasisi wa ujumbe wa Wareno uliokaa Uhabeshi kuanzia 1520 hadi 1526, ambaye kitabu chake kilichapishwa Lisbon mwaka 1540. Kwa hiyo ramani hii inaeleza nchi ilivyokuwa kabla ya vita vya Imamu Ahmad bin Ibrahim, kiongozi wa usultani jirani wa Adal, vilivyoanza mwaka 1529 na kuvuruga majimbo mengi. Anayeitumia kueleza Uhabeshi wa 1573 amekosea kwa nusu karne, na anayetumia ramani za Blaeu, wachora ramani wa Uholanzi, za karne ya 17, ambazo bado zinafuata mchoro uleule, amekosea zaidi.

Hatua ya 2: Lihoji kila jina

Kaskazini, karibu na Bahari ya Shamu, mtaliona jina Barnagasso likiwa limeandikwa kama jimbo. Kwa kweli ni cheo: bahr negash, mtawala wa upande wa bahari. Tigremahon nalo ni cheo cha gavana wa Tigray. Makosa ya namna hii yana thamani kubwa, kwa maana yanaonyesha kwamba habari zilipatikana kwa watu waliotaja nchi kwa vyeo vya wakubwa wake.

Hatua ya 3: Pima

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Tafuteni ikweta, kisha mwone jinsi dola hiyo inavyotandazwa mbali kusini, na jinsi Mto Nile unavyotoka katika maziwa mawili yaliyo chini ya ikweta, kama alivyofundisha Ptolemaio, mwanajiografia wa Aleksandria, katika karne ya 2. Wachora ramani walikuwa na simulizi mbili, ile ya Ptolemaio na ile ya Wareno waliohesabu safari kwa siku za kutembea. Kwa kuwa waliamini kwamba Nile yote ni mto wa Uhabeshi, waliivuta nchi hadi iyafikie maziwa.

Mabadiliko yalikuja kwa watu waliokaa huko. Mjesuiti Pedro Páez alifika kwenye chemchemi za Abay, yaani Nile ya Buluu, mwaka 1618. Mwenzake Manuel de Almeida alichora ramani iliyoirudisha nchi kaskazini mwa ikweta na kuonyesha Abay ukitoka Ziwa Tana na kulizunguka jimbo la Gojjam; ramani hiyo ilichapishwa Coimbra mwaka 1660. Mwaka 1683 Hiob Ludolf wa Ujerumani alitoa yake, akitegemea pia mafunzo ya Abba Gorgoryos, kasisi Mhabeshi aliyekutana naye Roma mwaka 1649. Kwangu hiyo ndiyo ramani muhimu kuliko zote, kwa sababu Ludolf alimtaja mwalimu wake waziwazi.

Hatua ya 4: Angalia karatasi

Alama iliyobonyea pembeni, iliyoachwa na bamba la shaba la kuchapia, pamoja na lugha ya maandishi ya nyuma, husaidia kujua toleo. Rangi isiwashawishi: nyingi zimepakwa baadaye.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, naona Mombasa na Malindi zimo kwenye ramani ya Ortelius. Je, zilitawaliwa na Uhabeshi?

Jibu: Hapana, ndugu. Zimo kwa sababu karatasi imefika huko, na kwa sababu mabaharia Wareno waliijua pwani. Linganisha mstari wa pwani na bara, utaona tofauti ya ubora wa habari.

Swali: Je, ramani ya Mfaransa d'Anville ya 1749, yenye nafasi tupu nyingi, ni ya kuaminika zaidi?

Jibu: Ni ya uangalifu zaidi, kwani aliondoa asichoweza kuthibitisha. Lakini nafasi tupu inapima ujuzi wa mchoraji aliye Paris. Haithibitishi kwamba hapakuwa na watu.

Swali: Shikamoo mwalimu. Watu wa pwani yetu waliwahi kuchangia?

Jibu: Marahaba. Naam. Wamisionari Erhardt na Rebmann walikusanya habari za wasafiri wa misafara, na ramani yao ikasambaa Ulaya mwaka 1856, ikiyaunganisha maziwa makuu kuwa bahari moja kubwa. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walitumwa kuichunguza, na mwaka 1858 ikadhihirika kwamba Tanganyika na Nyanza (Viktoria) ni maziwa mbalimbali. Unapoinukuu, andika kwamba chanzo chake ni wafanyabiashara wa misafara, hata kama majina yao hayamo.