Somo: Kuku kajikunyata kiotani. Ataka kulalia mayai au ni mgonjwa?

Asalaam aleikum wanakikundi. Wiki hii nimeulizwa swali moja na watu wanne: kuku haondoki kiotani, hali chakula, kavimba manyoya, nimpe dawa gani? Wawili kati yao walikuwa washarudi kutoka dukani na vidonge mkononi. Basi kabla ya vidonge, tukae kidogo.

Mimi nafuga hapa Langoni, Lamu, ua wa nyuma ya nyumba usiotosha hata kugeuza punda. Nimekosea pande zote mbili. Mara ya kwanza kuku wangu wa manjano alijibanza nyuma ya mtungi siku tatu. Nikasaga vidonge vilivyobaki vya mwanangu, nikamnywesha kwa kijiko, naye akaninyofoa ngozi ya kidole. Shangazi yangu alimtazama kutoka mlangoni tu, wala hakuvua kanga ya kichwani, akacheka: "Huyu hana ndwele. Huyu ataka mayai."

Miaka miwili baadaye mtetea mweusi naye akakaa kiotani kutwa. Nikajiona fundi. Usiku nikampachika mayai 10. Asubuhi nilipotia mkono chini yake mayai yalikuwa baridi kama mawe ya kisimani, na shingo yake imepinda, anatazama dari. Kilikuwa kideri, ule ugonjwa wa virusi wa kuku (Newcastle). Siku chache nyuma nilikuwa nimenunua majogoo wawili wa Idd gatini, nikawafungulia uani saa ile ile. Kwa wiki moja kuku 14 walibaki 3.

Hatua ya 1: mtie mkono

Ingiza mkono taratibu chini ya kifua. Kuku anayetaka kuatamia atavimba zaidi, atanguruma, atakudonoa, na ukimtoa na kumweka chini atabaki kalalia tumbo vile vile kama bamba, kisha atatembea akilialia kwa sauti fupi fupi mpaka arudi. Kifua chake ni cha moto na mara nyingi manyoya yamepukutika, ngozi inagusana na mayai. Upanga wa kichwani unaweza kupauka kidogo, usiogope hilo.

Mgonjwa hana hasira. Ukimshika anajiachia. Kichwa kaingiza mabegani, macho nusu yamefumba, mabawa yanaburura. Mweke sikioni kama redio usikie pumzi: ikikoroma au akifungua mdomo kuvuta hewa, huyo hataki mayai. Upanga ukiwa wa zambarau au mweusi, vivyo hivyo.

Hatua ya 2: tazama kinyesi

Ndipo wengi wanapopaona pachafu, na ndipo jibu lilipo. Anayeatamia hujizuia, akitoka mara moja kwa siku anaangusha bonge moja kubwa lenye harufu ya kukimbiza watu. Bonge, lakini limeshikana. Ukiona majimaji ya kijani, au meupe yaliyoganda nyuma kwenye manyoya, au damu, mtenge sasa hivi. Usingoje jioni.

Msubiri pia atoke. Mwekee maji na mtama hatua mbili kutoka kiotani, ukae mbali. Mwenye afya atatoka, atakula kwa pupa, atajigaragaza mchangani, na ndani ya robo saa hivi karudi. Kuku wangu yule wa manjano nilidhani hali kwa sababu alitoka wakati mimi niko jikoni.

Hatua ya 3: akiwa mgonjwa

Mtenge kwanza, jina la ugonjwa baadaye. Tenga la samaki lililooshwa na kufunikwa linatosha, pembeni penye kivuli, na chombo chake cha maji ambacho hakirudi kwa wenzake. Walishe wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha mikono sabuni. Virusi vya kideri huweza kumtia mtu macho mekundu yanayowasha.

Kideri huja kwa kishindo: kuharisha kijani, kukoroma, mabawa na miguu kulegea, shingo kupinda, vifo vya mfululizo. Hakina tiba. Najua shubiri, najua pilipili, najua majivu ya kwenye maji, nimetumia vyote. Aliyepona alipona mwenyewe. Vidonge vya kuua bakteria navyo haviui kirusi, hata uongeze dozi. Waliokufa wazikwe shimo refu, juu udongo wa kutosha. Ukiwatupa jaani, paka wa mji huu watawaburura mtaa mzima na kunguru watamalizia kazi upande wa pili.

Ndui ni jambo jingine. Vipele vinavyokauka kuwa magamba kwenye upanga, ndevu na kando ya macho, hasa mvua zikishamwaga mbu, maana mbu ndio wanaoisambaza. Usibandue magamba. Osha kwa maji ya chumvi, paka ayodini, jicho lililoziba lisafishe ili aone chakula. Wengi hupona kwa wiki tatu au nne. Vikiingia mdomoni na kooni hali huwa mbaya.

Mafua: uso umevimba, kamasi yenye harufu, jicho linatoa povu. Hapa dawa za bakteria zina kazi, lakini mwite afisa wa mifugo akupe dawa na kipimo, na mayai msile mpaka siku zilizoandikwa kwenye paketi ziishe. Nimeona watu wakiuza mayai hayo asubuhi inayofuata. Tuache.

Sasa utitiri, nao nausema kwa kirefu kwa sababu unakaa katikati ya mambo yetu mawili. Kuku aliyelalia vizuri siku 12, ghafla anasimama juu ya mayai, anakataa kukaa. Watu husema kachoka, au karogwa. Nenda usiku na tochi ya simu, funua majani ya kiota, tazama nyufa za ubao. Vidudu vidogo kama punje za pilipili ya unga, vyekundu vikishashiba, vinatembea. Mchana vimejificha, usiku vinamnyonya. Kuku anayeatamia haendi kujigaragaza vya kutosha, kwa hiyo humuelemea haraka, upanga ukapauka, na anaweza kufa pale pale juu ya mayai. Choma majani yote ya kiota, mwagia nyufa maji yanayotokota, paka chokaa, weka majani mapya makavu juu ya mchanga uliochanganywa na majivu. Kuku mwenyewe umnyunyizie unga wa dawa ya utitiri kutoka duka la dawa za mifugo, chini ya mabawa na nyuma, si machoni. Rudia baada ya wiki moja, kwa sababu mayai ya vidudu hayafi mara ya kwanza.

Na wale viroboto weusi wanaong'ang'ania kando ya jicho kama mbegu za ufuta, mchanga wetu wa pwani wanaupenda. Wapake mafuta ya mgando waliko, yawazibe pumzi. Usiwang'oe kwa kucha, ngozi hutoka nao.

Hatua ya 4: chanjo, kabla ya kiota

Chanjo ya kideri ni tone moja jichoni, kwa kuku asiye mgonjwa tu, na kwa kuku wa uani hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Kinga haiji siku ile. Hesabu wiki moja mpaka mbili. Kwa hiyo ukingoja mpaka jirani aanze kuzika, umechelewa. Chupa ya dozi 100 ni nyingi kwa mtu mwenye kuku 12, ndiyo maana mtaani kwetu tunachanga nyumba saba, tunapita jioni kuku wakiwa wamelala, mmoja anashika, mwingine anadondosha. Ichukuliwe ndani ya chupa ya chai yenye barafu, na ikishachanganywa itumike papo hapo, isiwekwe.

Kuku mgeni, hata awe zawadi ya mkweo, akae peke yake siku 14.

Hatua ya 5: ni mzima, na unataka vifaranga

Kusanya mayai yasiyozidi siku 10, yaandike tarehe kwa penseli, yasioshwe. Kuku wa kienyeji wa kawaida 10 hadi 12, mengine yatabaki nje ya joto. Kiota: kikapu kikuukuu au nusu ya mtungi uliovunjika, mchanga kidogo chini, majani makavu juu, mahali pa giza ambapo kuku wengine hawapandi kutagia. Mhamishe usiku. Mayai yote yaingie usiku mmoja. Ukiongeza moja moja yatatotoka siku tofauti na mama ataondoka na wa kwanza.

Siku ya 7 yapitishe mbele ya tochi ya simu gizani. Lenye uhai lina doa na mishipa imetawanyika kama mizizi ya mchicha. Lililo wazi kama maji, litoe. Kuanzia siku ya 18 usiyaguse. Siku ya 21 utasikia. Usimbandulie kifaranga ganda ukidhani unamsaidia, mishipa bado ina damu. Chakula pia hana haraka nacho, kiini cha yai kinamtosha siku ya kwanza.

Kisha kunguru. Wale wenye shingo ya kijivu hawaogopi mtu wala jogoo. Wiki nne za mwanzo vifaranga wangu wako chini ya wavu, basi.

Hatua ya 6: ni mzima, na hutaki vifaranga

Mtoe kiotani, umweke kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu au fito, kiinuliwe juu upepo upite chini ya tumbo. Bila majani. Chakula na maji kama kawaida. Siku tatu au nne tumbo limepoa, hamu imekwisha, na baada ya wiki moja au mbili hivi anarudi kutaga. Kumtia unyoya puani, kumfunga mguu juani, kumwacha na kiu: nimeyaona yote, na kizimba huyashinda.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Matondoni:* Bibi, wangu amelalia mwezi na nusu juu ya yai la plastiki. Namwonea huruma, nimwache tu?

Usimwache, mwanangu. Anakonda, maana anakula mara moja kwa siku. Ama mpe mayai ya kweli, ama kizimba. Wengine huwapa vifaranga wa siku moja usiku, wanaingizwa chini yake kimya kimya, asubuhi kesha kuwa mama. Hili hufaulu mara nyingi, lakini amka mapema uone kama anawadonoa.

*Kaka wa Shela:* Naweza kumwekea mayai ya bata?

Waweza. Ila bata hawa wenye nyama nyekundu usoni wanakwenda siku 35, si 21, na kuku wengine hukata tamaa katikati. Mchague mkaidi. Na usimchanganyie na mayai ya kuku.

*Dada wa Malindi:* Vifaranga wa wiki nne wanakunya damu, wamekufa watatu. Ni kideri?

Kwa umri huo na damu hiyo, nashuku koksidiosi, kimelea cha utumbo kinachopenda sakafu iliyoloa. Dawa yake ni ya kuchanganya na maji, ulizia amproliamu, fuata kipimo cha paketi. Lakini takataka za chini zitoe zote leo, na chombo cha maji kiinue juu ya tofali wasikimwage. Dawa bila kukausha sakafu utairudia mwezi ujao. Mmoja aliyekufa mpeleke kwa afisa wa mifugo ampasue, atajua kwa dakika chache.

*Kijana wa Mkomani:* Nina koo wa kuchi, wale kuku wa kupigana, kamla kifaranga wa mwenzake. Ni ugonjwa?

Huyo ni kuchi. Akiwa na wanawe mpe chumba chake.

*Mama wa Langoni (jirani yangu, najua ameuliza kwa makusudi):* Kuku akianza kuzorota, si bora kumchinja mapema kabla hajafa tukapata kitoweo?

Jirani, mimi sili. Damu, manyoya na maji ya kunyonyolea ndiyo yanayopeleka kideri uani kwa mwenzako, na kama alishanyweshwa dawa, unakula na dawa. Mbaya zaidi ni kuwabeba haraka kuwauza gatini wakiwa bado wanasimama. Wale majogoo wangu wawili wa Idd walikuwa wanasimama vizuri tu.

*Kaka wa Shela tena:* Na mtetea aliye juu ya mayai siku ya 10, achanjwe tukipita kuchanja?

Kama ni mzima, ndiyo. Usiku, tochi ndogo, tone moja, usimwinue. Ijumaa hii tunaanzia nyumba ya kona, leteni barafu.