SOMO: Kurekodi mahojiano ya dokumentari ukiwa peke yako

"Nimemhoji mtu lakini sauti haifai, nifanyeje?" Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naliandikia somo zima. Ni kwa anayeshika kamera, kinasa sauti na daftari la maswali mwenyewe.

1. Chaji betri zote usiku. Kadi ya kumbukumbu ifomati (yaani ifute na kuiandaa upya) ndani ya kamera, si kwenye kompyuta.

2. Fika mapema, kamera ikiwa bado kwenye begi. Mweleze mhusika filamu inahusu nini na itaonyeshwa wapi. Fomu ya ridhaa aisome na kuisaini kwa utulivu kabla hamjaanza. Mkimaliza, muulize kama kuna alilosema ambalo angependa lisitumike.

3. Fumba macho dakika nzima usikilize chumba. Feni, saa ya ukutani, friji. Ukizima friji la watu, weka funguo zako ndani yake. Hutaondoka bila kuliwasha.

4. Mhusika akae mbali na ukuta, dirisha ubavuni mwake. Fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Taa zikipepesa mahali ambapo umeme ni wa hezi 60, jaribu 1/60.

5. KINASA SAUTI. Vinasa vidogo vingi hubonyezwa mara mbili. Ukibonyeza mara ya kwanza kinasubiri tu: taa nyekundu inawaka na kuzima, vipimo vya sauti vinacheza, kwenye hedifoni unasikia kila kitu. Hakuna kinachohifadhiwa! Mara ya pili ndipo kinarekodi. Taa inatulia na namba za muda zinaanza kutembea. Nilimhoji mzee mmoja aliyesimulia, kwa mara ya kwanza maishani mwake, siku aliyomzika mdogo wake. Dakika arobaini. Alikuwa akikunja na kukunjua leso juu ya goti, nami macho yangu yote yalikuwa kwake. Nilipoinama kuzima kinasa, namba zilisomeka 00:00:00. Nilibaki na sauti ya maiki ya kamera, ya mita tatu, imejaa mwangwi. Wiki iliyofuata nilirudi kumwomba asimulie tena. Alikubali kwa heshima zote, lakini kwa sentensi fupi fupi, na leso ilibaki mfukoni.

Basi shika haya. Usiangalie taa, angalia NAMBA. Usiamini hedifoni peke yake. Piga kofi moja mbele ya kamera, ndilo utakalotumia kuoanisha sauti na picha, kisha tazama namba tena kabla ya swali la kwanza, na tena kila baada ya maswali machache. Vilele vya sauti viwe karibu na desibeli -12. Vikigonga 0 sauti imepasuka. Maiki ndogo ya kubana kifuani ikae mahali ambapo nguo wala mkufu hauisugui.

6. Kabla ya kufungasha, rekodi ukimya wa chumba kwa sekunde 60. Huo ndio utakaoziba pengo ukikata neno wakati wa kuhariri.

7. Nakili kadi kwenye diski mbili. Cheza faili mwanzo, katikati na mwisho. Ndipo ufomati.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, taa ilikuwa nyekundu muda wote lakini sioni faili. Tatizo nini?
Jibu: Hatua ya 5.

Swali: Somo refu. Taja tu kinasa kizuri ninunue.
Jibu: Huna dakika tano za kusoma, na unataka mtu akupe saa nzima ya maisha yake? Soma kwanza, kisha uulize.

Swali: Kadi ya GB 64 inatosha?
Jibu: Kamera ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni kama GB 45. Piga hesabu.

Swali: Samahani, naomba kuelewa. Mwanzo sauti na midomo vinakwenda pamoja, baada ya saa moja vinapishana. Kwa nini?
Jibu: Asante kwa swali hili, dada. Kamera na kinasa kila kimoja kina saa yake ya ndani, na hazilingani kabisa. Tofauti ni ndogo sana, ila inajumlika. Hakikisha vyote vinarekodi sauti kwa kilohezi 48 (kasi ya kuchukua sampuli za sauti). Kisha piga kofi mwanzoni na jingine mwishoni: kofi la pili litakuonyesha pengo limefika wapi, ndipo uivute au kuibana sauti kidogo kwenye programu ya kuhariri. Au ikate kwenye kila swali na kuioanisha upya, maana huko utakata tu.

Swali: Nimefomati kadi kimakosa!
Jibu: Itoe sasa hivi, usirekodi kitu kingine juu yake. Mara nyingi fomati ya haraka hufuta orodha tu, faili zenyewe bado zipo. Jaribu PhotoRec, programu ya kurejesha faili, ni ya bure. Utakachokipata kihifadhi kwenye diski nyingine, si kadi ileile.

Mchango: Mimi huwaomba wahusika waanze jibu kwa kurudia swali, ili sauti yangu niikate.
Jibu: Ni sawa, ila wengine wakishaagizwa hivyo hujikakamua. Mimi badala ya "ulihama lini?" husema "nisimulie siku mliyohama." Jibu linakuja limekamilika lenyewe. Akinyamaza, usikimbilie swali lingine. Hesabu kimyakimya mpaka tano. Mara nyingi anaendelea.