Kupanda kwa Mbegu Maua ya Kale ya Msimu Mmoja

Zinia, kosmosi, popi na nasturtiamu, maua yaliyopamba bustani za nyumbani tangu zamani, huota, huchanua, hutoa mbegu na kufa katika msimu mmoja tu. Kwa kuwa muda wake ni mfupi, ninashauri yapandwe pale pale yatakapokaa badala ya kuatikwa kitaluni na kuhamishwa. Popi hasa haipendi kuhamishwa, kwani huteremsha mzizi mkuu mrefu ingali changa, na mzizi huo ukikatika mche hudumaa au hufa.

Chagua mahali panapopata jua kwa saa 6 au zaidi kwa siku, tifua udongo, vunja mabonge, kisha sawazisha kwa reki. Usizidishe samadi, kwa sababu kosmosi na nasturtiamu zikishiba naitrojeni huneemeka majani huku maua yakiwa haba. Mwagilia tuta kabla ya kusia, maana maji yakimiminwa baadaye husomba mbegu ndogo na kuzirundika upande mmoja.

Mbegu ya popi ni kama chembe ya vumbi na huota vizuri ikipata mwanga. Kwa hiyo ichanganye na mchanga mkavu, inyunyize juu ya udongo, uikandamize kwa kiganja bila kuifukia. Zinia, ambayo mbegu yake ni bapa na yenye ncha, ifukie kwa nusu sentimita hivi. Nayo nasturtiamu, yenye mbegu nene iliyokunjamana, sentimita 1 au 2. Panda kwa mistari, ili kinachochipua nje ya mstari ukitambue mara moja kuwa ni gugu.

Kazi inayowashinda wengi ni kupunguza miche. Inauma kuangamiza mche wenye afya, lakini zinia zikisongamana hurefuka kwa kugombea mwanga, hukosa hewa, na majani yake hushikwa na ukungu mweupe. Miche ikifikisha majani manne, bakiza mmoja kila baada ya sentimita 25 hivi, na iliyozidi uikate kwa mkasi usawa wa udongo, kwani ukiing'oa utatikisa mizizi ya jirani zake.

Zinia ikifika sentimita 25, kata ncha yake juu ya jozi ya tatu ya majani. Utachelewa kuona ua la kwanza, ila mche utatoa matawi na maua mengi zaidi. Baada ya hapo kata kila ua linalonyauka, kwa sababu mmea ukikamilisha mbegu hupunguza kuchanua.

Msimu ukikaribia kwisha, acha maua machache yakomae. Vifuko vya mbegu vya popi huwa tayari vinapokauka na kugeuka rangi ya kahawia, na ukivitikisa utasikia mbegu zikicheza ndani. Vipindue juu ya bahasha ya karatasi, kisha andika jina na mwaka.