Nguo za usiku wa gala melini: mwongozo wa fundi wa Mombasa

Mzee mmoja wa Kibokoni aliniletea karatasi za safari alizotumiwa na bintiye aliyeko Uingereza. Siku saba baharini, yeye na mkewe, kila kitu kimelipiwa. Kilichomkera ni neno "Gala", lililoandikwa kwenye siku mbili kati ya hizo saba. "Fundi, mwanangu," akaniuliza, "hawa wataka tuvae nini?"

Si yeye peke yake. Wengine huja na tikiti za meli zinazoanzia Durban, wengine Dubai au Barcelona, na swali ni lile lile. Dukani kwangu hupita pia vijana wetu wanaofanya kazi kwenye meli za utalii, wahudumu wa meza na wa vyumba, na hao ndio hunipa habari za ndani ninapowarekebishia nguo. Nayaandika yote hapa ili ukija tuanzie kwenye kitambaa moja kwa moja.

Hatua ya 1: Soma jina la usiku wenyewe

Usiku wa gala ni ile jioni ambayo abiria hutarajiwa kuvaa rasmi kwa chakula, na kila kampuni ya meli ina jina lake. Cunard huuita "Gala Evening", Princess "Formal", Carnival "Cruise Elegant", Celebrity "Evening Chic". Usidhani yote ni mamoja. Kwa Cunard mwanamume hutarajiwa avae tuksido, au suti ya rangi nzito na tai, na sheria ya mavazi huanza saa kumi na mbili jioni karibu meli nzima, isipokuwa sehemu chache zilizotengwa. Kwa Celebrity, koti juu ya shati zuri latosha hata bila tai. Norwegian hawamlazimishi mtu vazi rasmi. Ukisafiri nao, unaweza kuishia hapa ukaenda zako Marikiti.

Tazama pia ni mara ngapi. Carnival huweka usiku mmoja kwa safari ya siku mbili hadi tano, na miwili kuanzia siku sita. Princess, safari ya wiki moja huwa na mara mbili. Mara nyingi ni siku ambayo meli iko baharini tu, haitii nanga popote. Siku ya kwanza huwa salama, haiwekwi gala, kwa sababu mabegi yenu huchukuliwa na wapagazi bandarini na huweza kufika chumbani jioni.

Hatua ya 2: Chagua vazi moja la maana

Wanaume kwanza. Usinunue tuksido. Nasema hivi nikijua nakosa pesa ya kuishona. Utaivaa mara mbili melini, kisha itakaa kabatini ikiliwa na nondo, maana hapa Mombasa hakuna harusi itakayoitaka. Suti nyeusi, ya kijivu kizito au ya buluu ya usiku, shati jeupe na tai, hufunguliwa mlango kwenye kampuni zote nilizozitaja, hata Cunard. Ukitaka kujipamba zaidi, badili tai ndefu kwa tai ya kipepeo. Basi.

Na kanzu? Kanzu yafaa, tena huvutia macho kuliko suti yoyote. Cunard, ambao ni wakali kuliko wengi, wanakubali vazi rasmi la kitaifa usiku wa gala. Kwa kampuni nyingine, mtume kijana wako aandike barua pepe kabla ya safari, aambatanishe picha yako ukiwa umevaa, na jibu lichapishwe ulibebe. Mlangoni mwa ukumbi wa chakula husimama kijana wa watu aliyeambiwa azuie kaptura na kofia. Hajui kofia ya viua ni nini. Karatasi itamsaidia yeye na wewe.

Lakini kanzu iwe kamili: koti juu yake, kofia iliyonyooka, na viatu vya ngozi vya kufunika. Makubadhi nayapenda, ila kampuni nyingi hazitaki mwanamume mwenye viatu vya wazi ukumbini usiku, na huyo kijana wa mlangoni atayaita kandambili. Ndani vaa kikoi cheupe, si cha mistari. Usiku wa gala kuna wapiga picha kila ngazi, na mwanga wa kamera hupenya kanzu nyepesi ukaonyesha kila kilichomo.

Wanawake wana nafasi pana zaidi. Gauni refu, au sketi ndefu na blauzi ya kumeta, au abaya nyeusi yenye darizi na mtandio wa hariri. Abaya ndiyo chaguo langu kwa mama yeyote aniulizaye: haina mjadala mlangoni, inaficha kiatu cha starehe, na huivaa tena Idi. Dera, hapana. Hata likiwa na lesi, hata likiwa limetoka Dubai, dera ni la nyumbani na la kumtazama mzazi. Kitenge kilichoshonwa vizuri nakipeleka kwenye zile siku nyingine ambazo meli huandika mavazi nadhifu tu, kwa sababu nitakazoeleza hapa chini. Leso na kikoi vibaki kwenye bwawa la kuogelea.

Na ikiwa hutaki lolote kati ya haya, hakuna anayekulazimisha. Sheria hubana zaidi ukumbi mkuu wa chakula. Kule kwenye chakula cha kujipakulia unaruhusiwa kula ukiwa na suruali na shati la kawaida.

Hatua ya 3: Kitambaa, kitambaa, kitambaa

Hapa tutulie. Huruhusiwi kuwa na pasi chumbani mwako. Si pasi ya kawaida, si ile ndogo ya safari, si kile kimashine cha mvuke. Wanaogopa moto. Meli ikiwa katikati ya bahari hakuna zimamoto wa kuitwa, kwa hiyo mabegi hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi bandarini kama uwanja wa ndege, na pasi ikionekana huchukuliwa ikawekwa mpaka mwisho wa safari.

Kuna meli zenye chumba cha kufulia cha abiria ambamo mna pasi. Princess wanavyo, Cunard wanavyo. Royal Caribbean hawana. Hata palipo na pasi, fikiria saa kumi jioni ya siku ya gala, meli nzima imekumbuka kwa pamoja kwamba nguo imekunjamana. Vijana wangu wanasema hapo watu wazima hutupiana maneno. Dobi wa meli yupo, ila hutoza kwa kila kipande, na nguo mpelekee mapema, si saa moja kabla ya chakula.

Kwa hiyo nguo yako lazima itoke begini ikiwa tayari. Hili ndilo lililotukalisha na yule mzee mchana kutwa. Alikuja na kanzu mpya, pamba tupu, nyeupe pe, amejinunulia kwa furaha. Nikamwomba aivae, akae kwenye benchi anywe kahawa, kisha asimame. Nyuma ilikuwa imejikunja kama karatasi ya kufungia mahamri. Akataka nimpigie pasi. Nikamwambia nitakupigia leo, na huko Atlantiki utapigiwa na nani? Tukatoka, tukapanda na kushuka Biashara Street duka baada ya duka, tukifinya vitambaa mpaka wenye maduka wakaanza kutukunjia uso.

Jaribio ni hili. Shika pembe ya kitambaa, kikunje ndani ya ngumi, kaza, hesabu polepole hadi thelathini, fungua. Tikisa mara moja. Mikunjo ikibaki, kiache. Ikilainika yenyewe ndani ya dakika chache, uliza bei. Usikubali kuambiwa "hiki hakikunji" bila kukifinya wewe mwenyewe, wala usitosheke na kufinya kipande cha sampuli kilichofinywa na watu mia.

Sasa kitambaa kimoja kimoja:

Kitani ni kizuri sana kwa anayesafiri na dobi wake. Wewe huna. Pamba tupu ni vivyo hivyo, na ndiyo sababu kitenge nimekiweka pembeni: kile cha pamba ya nta hupata mikunjo mapajani mara tu ukikaa mezani, na chakula cha gala ni kirefu, sahani baada ya sahani.

Hariri inategemea uzito. Nyepesi hukunjamana na hushika alama ya tone la maji. Nzito yafaa, ila mfuko wako utajua.

Nida na krepu ndizo ninazomshonea mama. Huning'inia zenyewe. Unaweza kuiviringisha abaya ya nida, ukailaza begini siku tatu, ukaitoa ukaivaa. Mahameli pia haisumbui, lakini hukandamizwa ikabaki na madoa ya kung'aa palipolaliwa na kitu kizito, kwa hiyo iwe juu kabisa ya begi.

Kwa kanzu nachukua mchanganyiko, polista nyingi na pamba kidogo. Najua mtasema inachoma. Hapa Mombasa mwezi wa Februari inachoma kweli, sikatai. Lakini ukumbi wa meli una kiyoyozi cha kukutoa vipele, na kitambaa usichoweza kukivumilia Makadara adhuhuri ndicho utakachokishukuru kule. Sheria hii hii inahusu suti: nunua ya sufu. Sufu ikikunjika hujirudi yenyewe ukiitundika usiku kucha, na hewa yenye unyevu huisaidia zaidi.

Na suti ya sufu wala huhitaji kunishonesha. Nenda Kongowea kwenye mitumba asubuhi, siku ya kufunguliwa marobota. Wateja wengi wa Pwani huzikwepa suti za sufu kwa sababu ya joto, basi bei yake huwa ya chini kuliko thamani yake. Tafuta lebo ndani ya mfuko wa kifua iliyoandikwa "Wool". Kisha ukague hivi: inua koti kwenye mwanga utazame matundu ya nondo, hasa chini ya kola. Pitisha kiganja kifuani. Ukihisi au kuona mapovu madogo, ujue kile kitambaa kigumu cha ndani kilichobandikwa kwa gundi kimeachana na cha nje, na hakuna fundi wa kukirudisha, hata akikuapia. Nusa kwapa. Geuza bitana uone kama imechanika. Mwisho kabisa, vaa utazame mabega. Kiuno nitakupunguzia, mikono nitakufupishia, suruali nitakutoa pindo. Mabega siyagusi. Mabega yakipwaya, ni koti la mtu mwingine, lirudishe kwenye rundo.

Nguo ikikunjamana hata baada ya yote haya, kuna ujanja mmoja. Itundike bafuni, fungua maji ya moto mlango ukiwa umefungwa, iache ipate mvuke kama dakika kumi, halafu itoe ining'inie mahali pakavu. Kwa sufu na krepu hufanya kazi nzuri. Kwa kitani unapoteza maji ya watu. Na tafadhali usitundike henga kwenye kile kijichuma cha darini. Hicho ndicho kinachomwaga maji moto ukizuka, na kikivunjika kitamwaga juu ya nguo, kitanda na jirani. Beba vindoano vya sumaku viwili vitatu. Kuta za vyumba vya meli nyingi ni za chuma na vitashika vizuri.

Hatua ya 4: Vipimo

Njoo na kiatu utakachovaa melini. Nitakurudisha nyumbani usipokuja nacho. Gauni au abaya naikata ipae kidogo kutoka sakafuni, si ya kufagia, kwa sababu meli hucheza na ngazi zake ni nyingi. Kisigino kiwe kinene.

Hatua ya 5: Kufunga begi

Nguo hukunjika inapong'ang'aniana, hupona inapoteleza. Wenzetu wa ng'ambo huifunga suti ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki wa dobi kwa sababu hiyo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2017, kwa hiyo mimi hutumia mtandio wa shifoni: ulaze juu ya nguo, kunja vyote pamoja, safu juu ya safu. Koti la suti ligeuze bega moja nje ndani, ingiza bega la pili humo, likunje mara moja. Kofia ya viua jaza soksi ndani, uiweke katika kopo gumu.

Vazi la gala lisiende kwenye begi kubwa la ndege. Kutoka Mombasa mara nyingi utabadilisha ndege mara moja au mbili kabla ya kufika bandari ya meli, na begi likipotea njiani meli haikungoji. Suti au abaya, viatu na tai, vyote begi la mkononi.

Hatua ya 6: Jioni yenyewe

Soma ratiba ya siku inayoletwa chumbani au iliyo kwenye programu ya simu, wakati mwingine usiku hubadilishwa kwa ajili ya hali ya bahari. Mama abebe shali. Picha za wapiga picha wa meli ni za kuuzwa na si rahisi, lakini kusimama upigwe hulipi, unalipa ukizichukua tu. Na usiku wa mwisho, mabegi makubwa huwekwa nje ya mlango kabla ya kulala ili yateremshwe, basi hakikisha umebakisha nguo za kushukia asubuhi.