Somo: Michirizi ya kuzaliwa nayo, na kwa nini kupima damu peke yake hakutoshi

Asalaam alaikum. Somo hili nililiahidi tangu mama wa Mokowe alipouliza kama kupima damu kunatosha kwa mwanawe mwenye michirizi ya kuzaliwa nayo.

Binti yangu alizaliwa hapa Lamu na michirizi ya kahawia, mikavu, inayokwaruza ukiipapasa. Huanzia begani, hujipinda chini ya kwapa na kuishia kiunoni, upande mmoja tu. Mavyaa alisema nilijikuna usiku mwezi ulipopatwa. Neno hilo nililibeba miaka minne. Si kweli, na mama yeyote anayesoma hapa asilibebe.

Mtoto huanza na seli moja, ikawa mbili, nne, nane. Kosa la jeni, yaani la maagizo ya mwili yaliyomo ndani ya seli, likiingia katika seli moja baada ya hapo, kizazi cha seli hiyo pekee ndicho hulichukua. Zilizobaki ni salama. Mtu mmoja, seli za aina mbili: wataalamu huita mozaiki. Seli za ngozi hujipanga tumboni kwa njia zake, ndiyo maana alama hufanya V mgongoni na S ubavuni. Daktari Mjerumani, Alfred Blaschko, alizichora njia hizo mwaka 1901 kwa kuwaangalia wagonjwa wake. Hazifuati mishipa ya damu wala ya fahamu.

Hatua ya 1. Piga picha kwenye mwanga wa asubuhi, rula kando ya alama. Andika ukoo: nani ana mabaka, nani ana kifafa, nani meno hayakuota. Waulize mashangazi, wao ndio wanaokumbuka.

Hatua ya 2. Muone daktari wa ngozi kabla ya maabara yoyote. Umbo la alama ndilo humwongoza kwenye jeni: michirizi migumu yenye magamba huweza kuwa kosa la jeni iitwayo KRT1 au KRT10, baka jekundu la usoni mara nyingi ni la jeni GNAQ.

Hatua ya 3. Hapa ndipo tulipoumia. Nyama ya kupimwa itoke penye alama yenyewe. Mtoto huchomwa ganzi, kisha hukatwa kipande cha duara, upana wa milimita 3 au 4. Chetu cha kwanza kilitumbukizwa chote kwenye formalini, kwa mazoea tu. Formalini huhifadhi nyama iangaliwe kwa darubini, lakini huiharibu DNA, yaani maandishi ya jeni ambayo maabara huyasoma. Wiki kadhaa baadaye tukaambiwa haisomeki. Binti akakatwa tena, huku ameng'ata pembe ya leso yangu, hatoi sauti. Kwa hiyo uliza kwa mdomo wako kabla hajaguswa: chupa ya jeni ni ipi, na ndani yake mna nini? Maabara itakayopokea ndiyo iseme inataka maji gani na baridi kiasi gani. Nasi wa visiwani tupange safari kwanza, boti ya kwenda Mokowe bara au ndege ya uwanja wa Manda, ndipo tupange siku ya kukatwa.

Hatua ya 4. Toa na damu pia, ilinganishwe na ngozi. Omba usomaji wa kina, ule unaorudia sehemu moja ya jeni mamia au maelfu ya mara. Usomaji wa kizamani wa Sanger huweza kulikosa kosa lililomo katika sehemu ndogo ya seli.

Hatua ya 5. Ukipewa majibu, uliza asilimia: kosa limeonekana kwa kiasi gani kwenye ngozi, na kiasi gani kwenye damu. Damu ikiwa safi, ngozi bado yaweza kuwa na jibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Shela: Dada, mate hayatoshi? Mtoto anaogopa kisu.
Jibu: Kwa alama za namna hii, pole, aghalabu hayatoshi. Mate hubeba seli za damu na za mdomoni, na kosa huenda halimo humo. Lakini ugonjwa wa jeni IKBKG, wenye malengelenge ya mistari kwa watoto wa kike, kwa kawaida hupimwa kwa damu. Ndiyo maana hatua ya 2 hairukwi.

Mwanachama wa Malindi: Mimi ndiye mwenye michirizi, mke wangu ni mjamzito.
Jibu: Kaka, inategemea jeni. Kosa la KRT10 likiwa limefika kwenye mbegu zako, mtoto huweza kulipata katika kila seli, akazaliwa na malengelenge na ngozi nyekundu mwili mzima. Hatari hiyo haizidi nusu kwa kila mimba. Makosa mengine, kama lile la jeni AKT1 la ugonjwa wa Proteus, unaokuza sehemu za mwili kupita kiasi, hayapiti kwa mtoto. Nenda na majibu yako kwa mshauri wa jeni mapema, na mjifungulie hospitali yenye daktari wa watoto.

Mwanachama wa Langoni: Kovu je?
Jibu: Bega na kifua huota kovu nene upesi, hasa kwa ngozi zetu. Kipande chetu cha pili walikichukua ubavuni. Limebaki doa dogo kama punje ya mtama.